Mbavu Kumi na Tano

TANGAZO KUU KWA WAKAZI WOTE. Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Tume ya Joto itapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba ukubwa wa kila redieta unalingana na ukubwa wa chumba chake. Kila mkazi asimame kando ya redieta yake, kitambulisho mkononi. Atakayekutwa na ubavu uliozidi, atanyang'anywa. Atakayekutwa na ubavu uliopungua, atapewa pole. Imetiwa saini na kupigwa muhuri: Mkuu wa Tume.

Tume hiyo tukufu ilikuwa na mjumbe mmoja, umri wake miaka kumi na sita, na makao yake makuu yalikuwa kitanda cha kukunja katika sebule ya bibi yake. Jina lake Miras. Muhuri wa tume aliuchonga kwa kiazi, na kiazi chenyewe kilikaangwa jioni hiyohiyo pamoja na vitunguu. Alikuwa amerudi likizo ya Agosti kutoka shule ya bweni ya hisabati, mahali ambapo kubandika matangazo ya uongo huhesabiwa kuwa kipaji, na sasa alikuwa anawagawia kipaji hicho watu wa mji wa machimbo ya makaa ambao hawakukiomba.

Wakazi walicheka. Mmoja aliongeza chini kwa kalamu: "Na mlango huu upimwe, haufungi tangu mwaka juzi." Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mzee Genrikh wa nyumba ya chini. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa mto Volga. Waliletwa kwa nguvu katika nyika hii wakati wa vita, na safari yao ilianza kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mtoto wao alikua akijua kwamba karatasi ya mlangoni haichezewi. Jumatatu hiyo mzee Genrikh alivaa koti lake la sherehe, akasimama kando ya redieta tangu saa nne hadi saa saba, kitambulisho mkononi. Muuza maziwa alipopita na kumwambia kuwa ni mchezo wa mtoto fulani, alivua koti taratibu, akalitundika.

"Basi nitapenda kumwona huyo Mkuu wa Tume," alisema. "Nina neno naye."

Miras aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye ngazi. Tangu siku hiyo akawa anaupita mlango wa chini kwa ncha za vidole, kama paka aliyeiba samaki.

Ila habari ya redieta yenyewe, kile chombo cha ukutani kinachopasha chumba kwa maji ya moto yanayopita katika mbavu zake za chuma, haikuwa mchezo. Bibi yake, Kulyash, ambaye Miras alimwita Apa kama wajukuu wote wa Kikazaki wanavyoita bibi zao, majira ya baridi yaliyopita alilazwa wiki tatu kwa kichomi. Chumba chake kiko juu kabisa, pembeni, kinatazama kaskazini, na Januari kipimajoto chake kilisoma nyuzi kumi na mbili. Daktari alimwambia waziwazi: mama, chumba hiki ukilala tena hivi, hutaiona sikukuu ya Machi. Mama yake Miras, anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta huko magharibi, alituma pesa za redieta mpya na agizo fupi: "Upime vizuri. Wewe ndiye unayesomea hesabu."

Akapima. Alitambaa sakafuni na futi ya kamba, Apa akishika ncha nyingine.

"Mita sita kwa tatu," alitangaza. "Kumi na nane za mraba. Kanuni inasema wati mia kwa kila mita ya mraba. Elfu moja na mia nane. Chumba cha pembeni, kuta mbili zinapigwa na upepo, tunaongeza sehemu tatu za kumi."

"Na mimi umenihesabu?" aliuliza Apa.

"Wewe Apa ukilala unatoa wati themanini. Ukigomba, mia mbili."

"Basi punguza hizo mbavu zako, maana leo nitagomba. Viatu vyako viko juu ya zulia langu!"

Jibu lilikuja mbavu kumi na tatu, kwa wati mia moja na themanini kila ubavu. Ile ya zamani, ya chuma kizito, ilikuwa na saba. Hapo mtu wa hesabu angesimama. Miras aliitazama shingo ya bibi yake, jinsi ilivyokonda tangu hospitali, akaandika kumi na tano.

"Mbili za nini?" Apa aliuliza.

"Za heshima."

Jengo lile ni la orofa tatu na lina mila yake, ambayo haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Maji ya moto hutoka kwenye kituo cha joto cha mji, hupanda kwa bomba nene mpaka darini, kisha hushuka kwa bomba moja jembamba kupitia vyumba: redieta ya juu hunywa kwanza, ya chini hupata makombo. Kwa hiyo anayetaka kuongeza mbavu huteremka na sahani ya maandazi ya moto kwa kila aliye chini yake, akaomba. Mwenyeji akila, ameridhia. Akirudisha sahani ikiwa imefunikwa, hakuna kinachoongezwa, na hakuna ugomvi. Nyumba ya kati ilikuwa tupu. Wenyewe walihamia Ujerumani na redieta yao ilikwisha kuondolewa, bomba likaachwa lipite tu. Aliyebaki wa kuombwa alikuwa mtu mmoja.

Fundi bomba, Tolik, alitaka pia karatasi. "Profesa, mimi mwaka juzi nilipigwa na beleshi kwa ajili ya mbavu nne," alisema, akionyesha kovu kwenye utosi. "Maandazi sawa, mila sawa. Lakini beleshi halijui mila. Niletee saini."

Apa akakaanga. Akapanga maandazi kumi na moja kwenye sahani yenye maua ya bluu, akayafunika kwa kitambaa cheupe.

"Mwambie Genrikh, bibi anaomba. Usimwambie 'bibi anataka.' Na ukae naye kidogo, mzee yule anaongea na redio tu tangu mke wake afe. Unasikia?"

"Nimesikia, Apa."

Miras aliteremka. Alifika kwenye ngazi ya saba juu ya mlango wa chini, akasikia mzee akikohoa ndani na redio ikisoma hali ya hewa ya mikoa yote, mmoja baada ya mwingine. Akaliona lile koti la sherehe akilini mwake. Neno naye. Angesema nini? Kwamba kiazi kilichopigiwa muhuri kilikuwa kitamu? Akakaa. Akaonja moja, kwa sababu za kisayansi. La pili lilifuata la kwanza. Alipofika la sita, alikwisha kujishawishi kwamba mzee angekubali tu, na kwamba kumsumbua mtu mzima kwa jambo ambalo angelikubali ni utovu wa adabu. La kumi na moja lilikuwa baridi. Alitoa karatasi, akaandika ridhaa ya jirani kwa lugha ambayo waziri angeionea wivu, na chini yake akatia saini ya Genrikh: saini nzuri, yenye mkia mrefu unaojipinda kama wa farasi wa mashindano.

"Amesemaje?" Apa aliuliza alipoona sahani tupu.

"Amesema tamu."

Tolik aliyamwaga maji ya bomba zima, akafunga redieta mpya kwa siku moja. Ilipita dirisha, ikapita pazia, ikakaribia kitanda kama treni inayotaka kuingia stesheni. Tolik akajifuta mikono. "Hii si redieta, Profesa. Hii ni reli."

Septemba Miras akarudi shule. Oktoba kituo kikawasha joto. Apa alipiga simu akicheka kama msichana: amelala na gauni jepesi, amefungua kidirisha cha juu maana anatoka jasho, maua yake yamechanua Novemba yakidhani ni Mei. Miras aliwahadithia wenzake bwenini jinsi hesabu ilivyoshinda baridi ya nyika. Hakuna aliyeuliza lile joto la kidirishani lilikuwa la nani.

Mapema Januari alikuja likizo. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, kope ziligandana. Apa alikuwa amekaanga tena.

"Twende chini tukampe Genrikh heri ya mwaka. Sijamwona wiki mbili, na sijamshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe beba sahani. Mbona umesimama kama mti? Twende!"

Mlango wa chini ulifunguka nusu. Mzee Genrikh alikuwa amevaa koti zito, kofia ya manyoya na viatu vya baridi.

"Ndiyo kwanza nilikuwa natoka," alisema.

"Kwa baridi hii? Unakwenda wapi, kwa mchumba?" Apa alicheka. Macho yake yana ukungu wa uzee. Hakuona alichokiona Miras. Pumzi ya mzee ilikuwa inatoka moshi, na mzee alikuwa ndani.

"Nikimpata nitakuletea posa uichambue," alijibu mzee.

"Genrikh, nimekuja kukushukuru. Kwa zile mbavu. Ungekataa, mwaka huu ningekuwa udongoni. Mjukuu wangu alisema uliyala maandazi yote."

Mzee aliitazama ile sahani ya maua ya bluu. Kisha akamtazama aliyeishika.

"Nilikula," alisema. "Yalikuwa matamu. Kumi, nadhani."

"Kumi na moja!" Apa alisema kwa fahari.

"Kumi na moja. Uzee. Kulyash, niazime kijana dakika tano, taa yangu imeungua, anishikie ngazi."

Taa haikuwa imeungua. Ndani, kipimajoto kilichoning'inia ukutani kilisoma nyuzi tisa. Glasi ya maji dirishani ilikuwa na ngozi ya barafu. Kitanda kilisogezwa mpaka kikagusa redieta, na Miras alipoweka kiganja juu yake, aliikuta vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Keti, Mkuu wa Tume," alisema mzee.

Miras akaketi.

"Nilikuwa na neno nawe. Lilikuwa dogo. Nilitaka kukwambia kuwa muhuri wako ulitoka kinyume, herufi za kiazi huchongwa zikiwa zimegeuzwa. Sasa limekuwa kubwa." Alikohoa kwa muda mrefu, akashika meza kwa mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake viwili vilibaki machimboni. "Miaka thelathini na moja nilisimamia milango ya hewa chini ya ardhi. Unajua kazi hiyo? Hewa inayoshuka ni moja. Ukifungua mlango wa huku sana, wenzako wa kule wanalala usingizi, na hawaamki. Kupima chumba kimoja peke yake si kupima. Ulipima chumba cha bibi yako?"

"Mita kumi na nane. Wati mia kwa..."

"Kanuni hiyo ni ya maji ya joto la wastani. Maji yanayofika juu ni ya moto kuliko yote, ubavu mmoja wa juu unafanya kazi ya mbili za huku. Saba zilitosha tangu nyumba ijengwe. Kwa nini mwaka jana hazikutosha?"

Miras aliitazama redieta ya mzee.

"Matope. Miaka arobaini ya kutu na matope. Ziliziba. Zilitaka kufunguliwa na kuoshwa, basi. Mke wangu na mimi zetu tuliziosha kwa magadi na mpira wa bustani, alasiri moja. Ungegonga, ningekwambia."

"Tolik anaweza kuja kesho azipunguze," Miras alisema upesi.

"Kumwaga bomba kwa baridi hii? Yatapasuka mabomba ya jengo zima. Ni kungoja mpaka Aprili. Na ukifunga koki ya juu, bomba ni hilohilo, umetufunga sote. Lakini ipo njia. Mzifunike mbavu nane kwa blanketi nzito, mzikaze kwa kamba. Zikifunikwa hazinywi. Chumba cha bibi yako kitabaki na joto la kutosha, na langu litapanda."

"Nitamwambia sasa hivi."

"Utamwambia na sababu. Yote. Mimi nikisema, atabaki na mjukuu mwongo kwa maneno ya jirani. Ukisema wewe, atabaki na mjukuu aliyekosea. Nimekuchagulia la pili. Usiniaibishe." Kisha akaifunua ile sahani, akachukua andazi moja, akalila lote bila haraka, macho yake kwa Miras. "Haya. Sasa nimeridhia kweli. Nenda."

Miras alikuwa na siku tisa. Siku ya kwanza Apa alikuwa na wageni. Siku ya pili alikuwa na furaha, na furaha ya mgonjwa si kitu cha kukatiza. Siku ya nne, Apa alipokwenda sokoni, alizifunika mbavu nane kwa blanketi mbili. Aliporudi, Apa alizifunua.

"Unanifunikia moto wangu? Mama yako kalala kwenye kontena huko visimani ili mimi nipate hii! Una nini wewe?"

Sentensi ilikuwa mdomoni. Ilikuwa fupi. Badala yake akasema, "Nilikuwa natandika treni," na Apa akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe. Mtu mwenye kipaji cha kuchekesha ana mlango wa nyuma kila mahali. Siku ya tisa alipanda basi la shule, na alipopita mlango wa chini alikwenda kwa ncha za vidole.

Katikati ya Februari dhoruba ya theluji ilipiga siku nne. Kituo kilipungukiwa makaa, katika mji uliokaa juu ya makaa, kikateremsha joto. Kwa Apa nyuzi zilishuka hadi ishirini. Siku ya tano muuza maziwa aligonga chini, hakujibiwa. Walimkuta mzee Genrikh ameketi sakafuni kando ya redieta, amevaa koti la sherehe juu ya koti zito, kiganja kikiwa kwenye ubavu wa mwisho. Daktari aliandika: moyo. Moyo ni neno pana, huingia mengi.

Machi, siku za sikukuu, Miras alikuja. Hapakuwa na harufu ya kukaanga. Redieta ilikuwa imefunikwa, mbavu nane, kwa mablanketi yale yale, na kamba imekazwa vizuri kuliko alivyoikaza yeye.

"Nani alikwambia?" aliuliza, na papo hapo akajua kwamba swali lenyewe lilikuwa jibu.

"Tolik. Nilimuuliza kwa nini mtu afe kwa baridi chini ya nyumba ninayofungulia dirisha." Apa alikuwa na ufunguo mkononi, na ile futi ya kamba. "Twende ukapime."

Chumba cha chini kilikuwa kisafi, bila mtu. Apa alishika ncha ya kamba kama ilivyokuwa Agosti. Mita sita kwa tatu.

"Hesabu," alisema. "Kwa sauti."

Akahesabu. Safari hii kwa vyumba viwili pamoja, kwa maji yale yale. Alipomaliza, juu zilitosha saba, zikioshwa. Chini zilitosha saba. Alirudia mara mbili, akitafuta kosa, kama mfungwa anavyoukagua ukuta.

Apa alitoa vitu viwili mfukoni. Kimoja kilikuwa ile karatasi iliyokaa kwa Tolik: ridhaa ya jirani, lugha ya waziri, saini ya farasi. Cha pili kilikuwa kitabu cha pensheni cha mzee Genrikh. Humo mzee alitia saini kwa vidole vitatu alivyobakiwa navyo: michirizi mitatu, kama alama za kuku kwenye theluji.

"Nilimvisha mimi kwa mazishi, hana mtu hapa," alisema. "Niliushika huo mkono. Macho yangu mabovu, Miras, mikono yangu haijawa mibovu."

Kisha akamketisha kwenye meza ya mzee Genrikh, akampa kalamu. Irma, binti wa mzee, aliyeko Ujerumani, alikuwa amepiga simu mara mbili akiuliza kwa nini chumba cha baba yake kilikuwa baridi vile. "Mwandikie. Yote. Na saini iwe ya kwako, usiazime ya mtu."

Miras aliandika alasiri nzima. Aliandika vizuri, shule ilimfunza. Alianza na tangazo, akatia kiazi, akatia treni. Alipomaliza alimsomea bibi yake, ambaye alisikiliza amefumba macho, mikono imekunjwa mapajani, na hata kwenye treni hakucheka.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Apa."

"Huyu Miras nimemsikia sana. Miras alipima, Miras alikaa, Miras akapanda basi. Unamsema kama mtoto wa jirani." Alifumbua macho. "Na yeye umemwazima, kama ile saini? Ni nani huyo?"

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.

Mkononi mwangu. Shangazi Irma, ni mimi. Tangazo lililomsimamisha baba yako kwa saa tatu nililiandika mimi. Maandazi nilikula mimi, yote kumi na moja, ngazi saba juu ya mlango wake. Saini ni yangu. Aliniambia blanketi, akala andazi ili niwe nimesamehewa kabla sijatubu, na mimi nikanyamaza siku tisa. Wala hazikuwa za heshima zile mbavu mbili. Niliziongeza kwa sababu sikutaka kurudia hesabu.